Kupanda au Kushuka: Jinsi Njia za Mghange Zinavyobadilisha Damu

Mkazi wa Mghange hana haja ya kulipia ukumbi wa mazoezi. Akienda shambani, kanisani au barabarani kungoja matatu ya Wundanyi, kuna mteremko wa kushuka na mwinuko wa kurudi. Majina yenyewe, Mghange Dawida na Mghange Nyika, yanakumbusha milima iliyo juu na nyika iliyo chini. Hata hivyo, mtu anayeambiwa hospitalini kwamba sukari yake imepanda, au presha, au mafuta katika damu, kisha akaagizwa afanye mazoezi, hurudi nyumbani na maswali. Je, kutembea huku kwa kila siku si mazoezi? Na kama ni mazoezi, yapi ni ya sukari na yapi ni ya mafuta?

Maswali hayo ni ya haki, na majibu yapo. Mazoezi ya aerobiki ni yale yanayofanya moyo upige haraka na mtu aheme kwa muda: kutembea kwa kasi, kukimbia, kuendesha baiskeli, kucheza ngoma, hata kulima kwa jembe bila kusimama simama. Yote yana faida, lakini hayaigusi damu kwa namna moja. Kupanda mlima hufanya jambo moja, kushuka hufanya jingine. Mwendo wa pole wa saa nzima una kazi yake na mbio fupi za kukata pumzi zina yake. Zaidi ya hayo, mazoezi hubadilisha matokeo ya maabara kiasi kwamba mtu mzima wa afya anaweza kuonekana ana upungufu wa damu, na mwenye upungufu wa kweli akaambiwa ni uchovu wa mazoezi tu.

Jambo hili linagusa nyumba nyingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu lililo juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja.

Mlima wa Austria na bodaboda ya Mghange

Utafiti unaomhusu zaidi mtu wa milimani ulifanyika mbali sana na Taita. Katika jimbo la Vorarlberg, magharibi mwa Austria, daktari Heinz Drexel na wenzake waliwachukua watu 45 wenye afya ambao hawakuwa na mazoea ya kufanya mazoezi. Kwa miezi 2 mtu alipanda mlima kwa miguu, mara 3 hadi 5 kwa wiki, kisha akateremshwa na kigari kinachoning'inia kwenye waya. Kwa miezi 2 mingine mambo yaligeuzwa: akapandishwa na kigari na kushuka kwa miguu. Damu ilipimwa kabla na baada ya kila zamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Kolesteroli mbaya, ile inayoganda kwenye kuta za mishipa, ilipungua katika zamu zote mbili. Lakini mambo mengine yaligawanyika. Waliopanda ndio ambao damu yao iliweza kuondoa upesi zaidi mafuta yaitwayo trigliseridi, ambayo hujaa kwenye damu baada ya mlo wa mafuta au wa wanga mwingi. Walioshuka ndio ambao damu yao ilimudu sukari vizuri zaidi. Matokeo hayo ya pili yaliwashangaza wengi, kwa sababu kushuka mlima huonekana kama mapumziko.

Sababu iko kwenye misuli. Mtu anapopanda, misuli ya paja na ya makalio hujikunja ikifupika ili kuusukuma mwili juu. Kazi hiyo hula oksijeni nyingi na kuchoma mafuta mengi, moyo hupiga kwa nguvu, na misuli hujifunza kunyonya mafuta kutoka kwenye damu inayopita. Anaposhuka, misuli hiyo hiyo hufanya kazi ya breki. Hujikaza huku ikirefuka, hatua baada ya hatua, ili mwili usiporomoke. Moyo hauhangaiki sana, lakini misuli hufanya kazi kubwa, na misuli iliyozoeshwa hivyo huipokea sukari kwa urahisi zaidi.

Utafiti huo ulikuwa mdogo, na waliohusika hawakuwa wagonjwa wa kisukari, kwa hiyo hauwezi kugeuzwa kuwa dawa ya kuandikiwa mtu. Bado unampa mkazi wa Mghange jambo la kufikiria. Anayeshuka kwa miguu asubuhi na mzigo wake wa sokoni, kisha jioni akarudi na bodaboda, amejichagulia nusu ya safari inayosaidia sukari. Nusu inayosaidia mafuta amemlipa mwendeshaji bodaboda amfanyie. Pale ambapo Austria ilitumia kigari cha waya, Mghange ina pikipiki, na mtu anaweza kuitumia kwa akili. Mzee mwenye kisukari ambaye pumzi yake ni fupi anaweza kupandishwa na kushuka kwa miguu taratibu. Kijana mwenye tumbo na trigliseridi nyingi anafaa kuambiwa apande mwenyewe.

Kushuka nako kuna gharama yake. Mtu asiyezoea akishuka mteremko mrefu, misuli ya paja huchanika kidogo kidogo, na maumivu humjia siku ya pili au ya tatu. Vitu vilivyokuwa ndani ya misuli humwagika kwenye damu, na maabara ikipima siku hiyo itaviona vimepanda sana. Kwa kawaida hupungua vyenyewe, na safari ya pili haiumi kama ya kwanza. Lakini mkojo ukibadilika rangi ukawa kama chai ya rangi au soda nyeusi, na misuli imevimba na kuuma mno, hilo si la kungoja lipite. Figo ziko hatarini, na mtu huyo anatakiwa hospitalini siku hiyo hiyo. Wenye magoti mabovu nao wana haki ya kuchagua njia ya tambarare au ya kuzungukazunguka badala ya mkato.

Uji ulioongezwa maji

Mwendo mrefu wa pole ndio unaobadilisha damu kwa namna inayowachanganya watu zaidi.

Damu ya mtu mzima ni kama lita 5. Zaidi kidogo ya nusu yake ni majimaji yaitwayo plazma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni chembe nyekundu zinazobeba oksijeni kwa kutumia hemoglobini, ambayo ndani yake mna madini ya chuma. Mtu anapoanza kutembea kwa kasi au kukimbia taratibu kila siku, mwili huongeza majimaji kwanza. Ongezeko huanza ndani ya siku moja au mbili, na baada ya wiki mbili hivi plazma inaweza kuwa imezidi kwa asilimia 10 au zaidi. Joto huongeza kasi ya jambo hilo, kwa hiyo anayefanya mazoezi Voi atajaza majimaji haraka kuliko anayefanya kwenye baridi ya Mghange. Chembe nyekundu huja nyuma, kwa sababu uboho wa mifupa huchukua siku kadhaa kutengeneza kila chembe, na jumla yake huchukua wiki hata miezi kuongezeka.

Katika kipindi hicho cha katikati, damu ni kama uji ulioongezwa maji. Unga haujapungua hata punje, lakini kijiko kikichota kinapata unga kidogo. Maabara inapima kwa kijiko. Mtu ambaye hemoglobini yake ilikuwa gramu 13.5 anaweza kukuta 12.8 baada ya mwezi mmoja wa mazoezi mazuri, akashtuka. Ukweli ni kwamba amepata faida: damu imekuwa nyingi na nyepesi zaidi, moyo unajaa vizuri kila unapopiga, na mishipa inapitisha damu kwa urahisi. Wakimbiaji wa mbio ndefu huishi na hali hiyo miaka mingi.

Hatari iko pande mbili. Wa kwanza ni yule anayekimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu wakati hakuna kilichopungua. Chuma kikizidi hukaa mwilini, hakitoki kwa urahisi. Wa pili, na huyu ndiye wa kuhofiwa zaidi katika kaunti hii, ni mama anayelima, anayebeba, anayepanda na kushuka, ambaye damu yake imepungua kwa kweli, lakini kwa kuwa anajulikana kwa kazi nyingi, uchovu wake unapewa jina la kazi.

Tofauti kati ya hali hizo mbili inaonekana. Anayeongezewa maji na mazoezi hujisikia na nguvu zaidi wiki baada ya wiki. Mwinuko uliomsimamisha mara tatu sasa unamsimamisha mara moja. Mwenye upungufu wa kweli huenda kinyume: mwinuko ule ule unazidi kuwa mrefu, moyo unamwenda mbio akiwa ameketi, ndani ya kope na kwenye viganja panakuwa peupe, na baadhi hupata hamu ya kula udongo. Maabarani, chembe za yule wa kwanza zina ukubwa wa kawaida na kushuka kwa kipimo ni kudogo. Za yule wa pili aliyepungukiwa chuma huwa ndogo na zenye rangi hafifu, na akiba ya chuma ikipimwa hukutwa imekwisha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito mwenye chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu; kwa mjamzito mpaka ni 11 na kwa mwanamume ni 13. Mtu aliye chini ya mpaka wake achunguzwe kwanza, na asitulizwe kwa kuambiwa ni mazoezi. Hedhi nzito, ujauzito, minyoo ya safura, malaria na vidonda vya tumbo vyote hupunguza damu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponywa kwa kukimbia.

Mazoezi makali yenyewe yanaweza kula chuma kidogo. Saa chache baada ya mbio ngumu, ini hutoa homoni inayofunga mlango wa utumbo ili chuma kisiingie kwa wingi. Pia nyayo zinapopiga ardhi ngumu mara maelfu, baadhi ya chembe nyekundu hupasuka ndani ya mishipa ya miguu. Jambo hili la pili lilielezwa mwaka 1881 huko Ujerumani, kwa askari aliyekojoa mkojo mwekundu baada ya safari ndefu ya gwaride. Kwa mtembeaji wa kawaida hasara hiyo ni ndogo. Kwa msichana wa shule anayekimbia kila jioni, aliyeanza hedhi, na anayekunywa chai pamoja na kila mlo, hasara hizo zinajumlishana. Chai na kahawa huzuia chuma cha mboga na nafaka kuingia mwilini, kwa hiyo zinafaa kunywewa saa moja au zaidi kando ya chakula. Kimanga chenye maharagwe mengi, mboga za majani, na chungwa au pera baada yake, humpa chuma pamoja na vitamini inayokisaidia kuingia.

Mbio za kukata pumzi

Mtindo mwingine ni ule wa kwenda kasi kwa dakika chache, kupumzika, kisha kurudia. Wapo wanaodhani ni wa wanariadha peke yao, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Shinshu nchini Japani waliupima kwa watu wa makamo na wazee kwa njia rahisi: dakika 3 za kutembea kwa kasi, dakika 3 za pole, marudio 5 au zaidi, siku 4 au zaidi kwa wiki. Baada ya miezi 5, kama walivyochapisha mwaka 2007, wale wa kasi na pole walikuwa na presha iliyoshuka zaidi na miguu yenye nguvu zaidi kuliko waliotembea kwa mwendo mmoja. Nchini Denmark, mwaka 2013, watafiti walifanya hivyo na wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili kwa miezi 4. Waliobadilisha kasi walidhibiti sukari vizuri zaidi kuliko waliotumia nguvu ile ile kwa mwendo mmoja.

Barabara za Mghange hutoa zoezi hilo bila saa. Kutoka kona hadi kona ni kasi, kutoka kona hiyo hadi inayofuata ni pole.

Lakini damu hupita katika mambo mengi wakati wa kasi hiyo. Maji hutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye misuli, damu ikawa nzito kwa muda. Misuli inayohitaji nguvu haraka humwaga laktati, ambayo moyo na misuli mingine huitumia tena kama kuni ndani ya saa moja hivi. Si hiyo inayoleta maumivu ya kesho yake, ingawa ndivyo inavyosemwa viwanjani. Ini nalo likihisi dharura hufungua ghala lake la sukari. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anayejipima mara tu baada ya mbio kali anaweza kukuta sukari imepanda, akaamua kwamba mazoezi yanamdhuru. Angepima baada ya matembezi ya pole angekuta imeshuka. Katika hali zote mbili misuli itaendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu kwa siku moja hadi mbili, na hiyo ndiyo sababu ya wagonjwa wa kisukari kushauriwa wasikae siku zaidi ya 2 mfululizo bila mazoezi.

Wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi wana jambo la ziada la kuangalia. Sukari yao inaweza kushuka kupita kiasi saa nyingi baadaye, hata usiku wakiwa wamelala. Jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili zake. Glukosi, peremende au soda yenye sukari iwe mfukoni njiani na karibu na kitanda, na daktari aambiwe kabla ya mtindo huu kuanza, kwa sababu huenda dawa ikahitaji kupunguzwa.

Jambo la mwisho kuhusu kasi ni kuganda kwa damu. Mtu aliyekaa miezi bila mazoezi akikurupuka na kukimbia mlima kwa nguvu zake zote, chembe zinazogandisha damu huamka na kuanza kushikana kwa muda. Kwa mwenye mishipa iliyoziba nusu, saa hiyo ni ya hatari. Anayefanya mazoezi mara kwa mara hupata kinyume chake: damu yake haigandi ovyo na mwili wake huyeyusha mabonge madogo haraka zaidi. Kwa hiyo mwenye umri mkubwa, mvutaji sigara, au mwenye presha aanze na wiki kadhaa za mwendo wa pole, kiasi cha kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi asianze kabisa kabla ya kutibiwa ishuke. Kifua kikibana, au maumivu yakishuka mkononi au kupanda kwenye taya, atulie na atafutiwe usafiri wa hospitali.

Milima, Iten na damu ya Mkenya

Kilele cha Vuria, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, ndicho cha juu zaidi katika milima ya Taita. Hewa ya hapo ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Figo zikihisi upungufu huo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi. Wanariadha wanaokwenda Iten, kwenye mita 2,400 hivi, wanafuata hilo. Makao mengi ya Mghange yako chini ya Vuria, kwa hiyo msukumo wa mwinuko kwenye damu upo lakini ni mdogo. Kinachowabadilisha wakazi zaidi ni miguu yao.

Hata Iten yenyewe haitoi damu ya ajabu. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya wakimbiaji hodari wa Kenya waliowalinganisha na wakimbiaji wa Kijerumani. Kwa kila kilo ya uzito, hemoglobini na wingi wa damu vilikuwa karibu sawa. Wakenya hao walipokaa Ujerumani kwa wiki kadhaa karibu na usawa wa bahari, hemoglobini yao ilianza kupungua, kwa sababu mwili hauweki chembe usizozihitaji. Utafiti mwingine, uliofanywa kwa wavulana wa Nandi na kuchapishwa mwaka 2005, uliwaweka pamoja wa mjini na wa vijijini. Wa vijijini walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutumia oksijeni kabla hata mazoezi hayajaanza. Walikuwa wametembea, wamechunga na wamelima. Kijana wa Mghange anayehamia Voi au Mombasa na kuanza kuketi ofisini hupoteza mali hiyo ndani ya miezi, na hakuna anayemwambia.

Homoni hiyo ya figo hutengenezwa pia viwandani kwa ajili ya wagonjwa wa figo, na ndiyo iliyowafungia riadha baadhi ya nyota wa Kenya waliokutwa nayo, akiwemo Rita Jeptoo mwaka 2014. Mbali na udanganyifu, kujidunga sindano hiyo bila ugonjwa huifanya damu kuwa nzito kama asali, na moyo unaoisukuma usiku unaweza kushindwa. Vijana wanaotafuta nafasi katika timu za riadha wanafaa kulijua hilo kabla ya kuuziwa "dawa ya pumzi" na mtu yeyote.

Siku ya kupima

Mazoezi yakishaanza, vipimo vina saa zake. Anayefika zahanati akihema baada ya mwinuko atakutwa na presha ya mlima, si ya kwake. Aketi kimya angalau dakika 5, mgongo umeegemezwa na miguu imekanyaga chini, na kama alikuwa amefanya zoezi kweli, nusu saa ipite. Mbio ngumu hupandisha pia chembe nyeupe za damu kwa saa kadhaa, na chembe hizo zikionekana nyingi mtu anaweza kupewa dawa ya maambukizi asiyo nayo. Kwa hesabu kamili ya damu na kipimo cha mafuta, ni vizuri kupumzika mazoezi makali siku moja kabla, kunywa maji kama kawaida, na kumwambia mhudumu ni mazoezi gani mtu anafanya na tangu lini. Kipande hicho cha habari huachwa mara nyingi kwa sababu hakuna anayekiuliza.

Presha na sukari zinaweza kupimwa kijijini. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa na serikali, kuanzia Septemba 2023, mikoba yenye mashine ya presha na kipima sukari, na kazi yao ni kutembelea nyumba. Kwa mwenye presha ya juu, mazoezi ya mara kwa mara hushusha namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Ni nafuu ya kweli, lakini si sababu ya kuacha vidonge. Ni daktari anayepunguza dawa baada ya kuona vipimo vya wiki kadhaa. Kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali. Kwa mtembeaji wa Mghange, nusu saa ya njia siku 5 inatimiza kiwango cha chini. Dakika 10 hadi 15 za kutembea baada ya chakula cha jioni huzuia sukari isipande sana usiku, hata kama ni kuzunguka boma tu.

Wenye ugonjwa wa selimundu wasijipangie mazoezi makali wenyewe. Wanaobeba selimundu bila kuugua kwa kawaida hufanya kila kazi, ila kukimbia kwa nguvu zote kwenye joto la nyika bila maji ya kutosha kumewahi kuwadhuru watu wa hali hiyo, kwa hiyo waongeze mwendo polepole na wanywe maji.

Kwa wagonjwa wa kisukari kipo kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa kuangalia sukari iliyonata kwenye hemoglobini. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, hakuna maana ya kukirudia baada ya wiki mbili za kupanda na kushuka. Miezi 3 ndiyo hutoa jibu. Upungufu wa chuma unaweza kukifanya kisome juu kuliko ukweli, na selimundu au damu inayovunjika haraka hukifanya kisome chini. Anayekwenda kufanyiwa kipimo hicho katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi au kwingineko aombe hemoglobini yake ipimwe siku hiyo hiyo, na karatasi zote mbili azitunze pamoja kwa ajili ya kliniki inayofuata.